Ngoma Ilie, Watu Waje: Vidokezo 11 kwa Mtangazaji wa Kujitolea

Mkutano wa kikundi cha ngoma umefika ajenda ya mwisho. Mwenyekiti anauliza, "Na ni nani hapa anaelewa mambo ya simu?" Wazee wote wa akodioni wanageuka kukutazama wewe, kwa kuwa ndiwe uliyekuwa ukichati wakati wa maombi ya kufungua. Hongera! Kuanzia leo wewe ni afisa wa matangazo. Mshahara ni chai na andazi, na andazi si la uhakika.

Kabla hujatafuta kisingizio, pokea habari njema: mashabiki unao tayari. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji wa Ruiru watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 251,000. Viwanda, kahawa na mananasi vimewaleta kutoka pande zote, hivi kwamba ploti moja ya Makongeni inaweza kuwa na shabiki wa mwomboko chini, wa kilumi juu, na wa nyatiti na isukuti wakigombania kamba ya kuanikia nguo. Akodioni ikilia kwenye ruracio (sherehe ya mahari), hata yule mjomba mwenye maumivu ya mgongo huinuka. Hamu haijawahi kuwa shida. Watu wanakosa habari tu: ngoma iko wapi, lini, na nitarudije nyumbani.

Kazi yako ni kuwapa habari hiyo. Basi, vidokezo kumi na kimoja, kwa heshima ya Ruiru 11, ile aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985 na kulifikisha jina la mji huu mashambani kote nchini. Kahawa haina hata simu, na ilifika.

1. Steji kwanza, sifa baadaye

Tazama mabango ya mjini. Herufi kubwa: TAMASHA KABAMBE LA UTAMADUNI. Picha ya mwenyekiti ndani ya suti. Mahali: Thika. Thika gani, ndugu yangu? Makongeni au Ngoingwa? Mtu anayepanda matatu ya 237 anataka kujua atashukia wapi, na upande gani. Kwenye barabara kuu ya Thika ukishuka upande usio wako, unatembea hadi daraja la waendao kwa miguu, unapanda, unavuka, unashuka, na ukifika chini hamu ya ngoma imebaki juu.

Tangazo linalofanya kazi ni kama hili: "Mwomboko na nyatiti. Jumamosi tarehe 14, saa 8 mchana hadi saa 11 na nusu jioni. Ukumbi wa kanisa, Makongeni. Ukitoka Ruiru shuka mjini Thika, kisha panda za Makongeni. Kiingilio shilingi 100, watoto bure. Ukipotea piga namba hii." Basi. Kila neno lina kazi.

Umeona saa ya kumaliza? Wengi huisahau, na ndiyo inayomfanya mama wa watoto watatu aamue kuja, kwa sababu anajua atafika nyumbani kabla ya giza. Na usiandike "saa 2" ukimaanisha mchana. Kuna watu watakaokuja saa mbili usiku wamevaa vizuri, wakute bawabu na paka.

2. Anza na mlio, mheshimiwa atasubiri

Mtu mwenye simu mkononi hana subira. Ukimwekea video inayoanza na mgeni wa heshima akitambua uwepo wa wageni wengine wa heshima, kidole kimeshapita. Anza na karing'aring'a. Sogea karibu kabisa: pete ya chuma inaning'inia mkono mmoja, kijiti cha chuma kiko mkono wa pili, jua linamulika, na ule mlio mkali unapenya hata spika ya simu ya bei ya chini. Sekunde tano za hapo. Kisha panda kwenye vidole vya mpiga akodioni. Kisha teremka kwenye miguu: hatua mbili, goti linapinda, jozi inazunguka. Nusu dakika inatosha. Shika simu wima, na tafadhali usirekodi ukiwa nyuma ya umati, maana utatuletea filamu ya migongo ya watu.

Kila ala ina umbali wake. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu za ukubwa tofauti, na ukisimama mbele yake sauti itapasuka kwenye simu. Rudi nyuma hatua kumi, simama ubavuni. Orutu nayo ina uzi mmoja na sauti nyembamba, hiyo ifuate mpaka karibu na mpigaji. Upepo ukivuma, upe mgongo.

Jaribio la mwisho: icheze klipu hiyo ukiwa steji, makanga wakipiga kelele, bila vifaa vya masikioni. Ikisikika hapo, itasikika popote.

3. VID-0047 si jina la mtu

Umepakia video nzuri YouTube na kuiacha na jina ililopewa na simu. Nani ataitafuta? Hakuna binadamu aliyewahi kuamka usiku na kiu ya VID-0047. Ila kuna Mkenya yuko ughaibuni, baridi imembana, na usiku anaandika "mwomboko" kwenye simu. Msaidie akupate wewe.

Fomula ni rahisi: ala, aina ya ngoma, jina la kikundi, mahali, mwaka. Halafu chini yake taja majina ya wapigaji wote, hata yule wa manyanga. Kama neno huandikwa kwa njia mbili, ziweke zote mbili, "karing'aring'a" na "karingaringa", kwa kuwa walio wengi hawajui ile alama ya juu iko wapi kwenye simu zao.

Ukitaka mfano wa kuigwa, tafuta Singing Wells. Huo ni mradi wa Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, pamoja na Abubilla Music ya London. Wamekuwa wakibeba vifaa vya kurekodia hadi vijijini Afrika Mashariki na kuweka kazi hizo mtandaoni. Tazama video zao chache na uangalie jinsi zinavyokueleza ni kikundi gani unachokisikia na kinatoka wapi. Wewe huna gari la vifaa, ni kweli. Kuandika jina la mtu hakuhitaji gari.

4. WhatsApp: tumia njia zote tatu, ila usizichanganye

Grupu ni la wanachama kupanga mazoezi na kukumbushana michango. Ukilifanya pia la mashabiki, tangazo lako litazikwa chini ya maua ya "asubuhi njema" na video ya mbuzi anayecheka.

Kwa mashabiki tumia orodha ya matangazo, ile inayomfikia kila mtu kwenye kisanduku chake kana kwamba umemwandikia yeye peke yake. Orodha moja huchukua hadi watu 256. Lakini kuna mtego ambao wengi hawaujui: ujumbe huo humfika tu yule aliyeihifadhi namba yako. Kwa hiyo pale mlangoni usiseme "tuachie namba" ukaishia hapo. Mwambie, "Toa simu, nihifadhi sasa hivi, andika Mwomboko Thika." Msimamie mpaka amalize. Mtoe jasho kidogo, atakushukuru.

Ya tatu ni status, na hapa ndipo penye utajiri. Hudumu saa 24, haigharimu kitu, na kila mwanachama ana watu wake. Yule mzee wa miaka sabini anayecheza mwomboko ana namba za wazee wenzake, wa kanisa, wa chama cha maziwa, watu ambao wewe na mitandao yako yote hamtawafikia kamwe. Mtumie klipu, kaa naye chini, mwonyeshe pa kubonyeza. Fanya hivyo wiki moja kabla ya onyesho, siku mbili kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Mara tatu. Ukizidisha, watakunyamazisha kimyakimya na wataendelea kukusalimia vizuri sana njiani.

5. Shosho hana bando

Na ndiye anayejua kucheza kuliko wote! Shosho anasikiliza redio. Kameme FM imekuwa ikitangaza kwa Kikuyu tangu mwaka 2000, Inooro na Coro zipo, na majirani wengine wana Musyi kwa Kikamba, Ramogi kwa Kijaluo na Mulembe kwa Kiluhya. Usiwatumie barua ya kurasa mbili yenye muhuri. Tafuta mtangazaji wa kipindi cha nyimbo za zamani, mpelekee ujumbe wa sauti wa nusu dakika ambamo akodioni inalia kwanza kisha unataja siku na mahali. Huo anaweza kuucheza hewani bila kuhariri chochote, na mtangazaji aliyechoka humpenda mtu aliyemrahisishia kazi. Mashabiki wa salamu nao ni jeshi: ukimpata mmoja anayepiga simu redioni kila siku, mwombe amalizie salamu zake kwa kuwaalika watu kwenye ngoma yenu.

Kanisani, mpe karani tangazo mapema kabla ratiba ya Jumapili haijachapishwa. Liwe na mistari mitatu. Likizidi hapo litasomwa haraka haraka kwa sauti ya mtu anayefikiria chakula cha mchana. Barazani kwa chifu pia pana masikio, na hapo unaweza kwenda na mpiga filimbi mmoja. Hakuna atakayesinzia.

6. Fungua sanduku la kaseti

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo vumilia nikirefusha.

Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema mwaka 1939, aliimba Kikuyu kwa miaka hamsini na kitu. Alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake amepewa jina lake, Joseph Kamaru, na dunia ya muziki wa elektroniki inamjua kama KMRU. Kijana huyu kazi yake mwenyewe ni sauti za mazingira na mitambo, mbali kabisa na magitaa ya babu. Lakini alizichukua rekodi za mzee na kuanza kuzitoa upya kwenye Bandcamp, mahali ambapo msikilizaji hununua muziki moja kwa moja. Baadaye ukatoka mkusanyiko, Heavy Combination 1966-2007, kupitia lebo ya Disciples. Watu wasiojua hata "wĩ mwega" wakawa wanamsikiliza Kamaru wakiosha vyombo Ulaya.

Sasa niambie, chini ya kitanda cha mwenyekiti wenu kuna nini? Mimi naweka dau kuna sanduku. Ndani kuna kaseti za harusi, za sherehe za Jamhuri, za akina mama wa Nyakinyua wakiimba, zimeandikwa kwa biro iliyofifia. Hiyo ni maktaba, na matangazo ya mwaka mzima yako humo.

Hatua zenyewe si ngumu. Kwanza ikaze kanda kwa biro, uizungushe taratibu, kabla hujathubutu kuiingiza kwenye redio. Redio ya zamani hula kanda iliyolegea bila huruma. Kama saiba ya mtaani ina kompyuta yenye tundu la kuingizia sauti, unganisha redio hapo kwa waya. Kama haina, funga mlango, subiri poshomili ya jirani izimwe usiku, weka simu hatua moja mbele ya spika na urekodi. Haitakuwa safi. Mikwaruzo haijawahi kumfukuza mtu anayemsikiliza babu yake.

Kisha mwekee mwenyekiti simu mbele ya uso na umuulize maswali matatu: hii ilikuwa sherehe ya nani, nani anapiga hapa, na huyu mama anayepaza sauti ni nani? Dakika moja ya majibu yake, ikitangulia dakika moja ya kaseti, ni kitu ambacho watu wataketi kukisikiliza hadi mwisho. Atakosea mwaka. Watu watamsahihisha kwenye maoni, watabishana, mmoja atasema "huyo ni mama yangu", na hapo umempata mtu wa kuja Jumamosi na ndugu zake sita.

Toa moja kwa wiki, siku ileile, labda Alhamisi jioni. Ukimwaga zote hamsini siku moja kwa furaha, zitaliwa kwa siku moja na wiki ijayo utakaa mikono mitupu. Na kwa walio ughaibuni, usiku wa kwetu ni mchana wa Marekani: ukirusha moja kwa moja saa 2 usiku, New York ndiyo kwanza wako kwenye saa za chakula cha mchana, simu mkononi.

7. Ruhusa ni rahisi kuliko faini

Najua, sheria haichezeki kama ngoma, lakini tuimalize haraka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na haiko kabatini: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Piga hesabu ni maandazi mangapi hayo.

Weka karatasi mlangoni inayosema kuna upigaji picha. Kwa watoto, ongea na mzazi, na umwombe atume ujumbe wa sauti wa WhatsApp: jina lake, jina la mtoto, "nimekubali". Uhifadhi. Mtu akikuomba uiondoe picha yake, iondoe siku hiyohiyo bila mjadala.

Kwa muziki: kaseti ya mzee aliyefariki ina familia, iulize. Wimbo wa msanii wa redioni usiuweke chini ya video yenu, una mwenyewe. Na hata nyimbo za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana zinatambuliwa na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inaziona kuwa mali ya jamii. Basi ukitumia wimbo wa jirani, taja jamii yake.

8. Mpe dereva flashi

Matatu ya Thika ni ukumbi wenye viti, spika na wasikilizaji wasioweza kutoka. Kwa nini unauacha? Tengeneza mseto wa dakika arobaini wa rekodi za kikundi chenu wenyewe (umesoma kidokezo cha saba, sivyo?), na kila baada ya nyimbo tatu weka sauti ya sekunde kumi: siku, mahali, steji. Sekunde kumi tu! Ukigeuza mseto kuwa hotuba, dereva atarudi kwenye mugithi wake kabla ya kufika Juja.

Wape madereva watatu au wanne mnaojuana flashi hizo Alhamisi, ili zilie jioni ya Ijumaa foleni inapokaza na watu wana muda wa kusikiliza. Zibaki kwao, usizidai. Kinyozi, mama wa saluni na wachoma nyama wa Kamakis nao wana spika.

9. Vuka barabara, ingia chuoni

Ni mtaa gani mwingine uliobarikiwa hivi? Mount Kenya University iko Thika, JKUAT iko Juja, Zetech ina kampasi Ruiru, na Kenyatta University iko hapo Kahawa. Barabara moja, wanafunzi maelfu, na wengi wanatafuta kazi ya mkono ya kumwonyesha mwajiri. Mwanafunzi wa habari anahitaji klipu zenye jina lake. Wewe unahitaji klipu. Mnangoja nini?

Siri ni kuomba kitu kidogo chenye mwisho. "Njoo utusaidie mambo ya mitandao" humtisha mtu yeyote. "Tukatie klipu tatu kila Jumapili kwa mwezi mmoja, tutaweka jina lako, tutakulisha, na mwenyekiti atakuandikia barua ya mapendekezo" huleta watu wawili siku hiyohiyo. Na usiogope kwamba vijana hawazitaki ngoma za zamani. Eriko Mukoyama alitoka Japani akaja kujifunza nyatiti mashinani kwa Waluo, hata akapewa jina Anyango. Mwanafunzi wa Juja atashindwa kupanda matatu ya shilingi chache?

10. Nywila ikae na watu wawili

Hadithi hii iko katika kila mtaa: kijana hodari alifungua ukurasa wa kikundi kwa namba yake mwenyewe, ukapata wafuasi, kisha akapata kazi Qatar. Namba ikazimwa. Sasa ukurasa upo, wafuasi wapo, na juu kabisa bado kuna tangazo la onyesho lililopita zamani. Hakuna anayeweza kulifuta.

Fungua kila kitu kwa barua pepe ya kikundi na laini ya simu ya kikundi, laini hiyo ikae kwa mweka hazina. Watu wawili wajue nywila. Iandikwe pia kwenye kitabu cha kumbukumbu, ukurasa wa mwisho, na kitabu kifungiwe.

Pesa nazo ziwe wazi. Bando unalotumia kwa kazi ya kikundi lirudishwe na kikundi, hata kama ni shilingi hamsini; waliojitolea hukimbia kwa sababu ya hizi ndogo ndogo zisizotajwa. Kama kikundi kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, tafuteni namba ya kulipia ya M-Pesa yenye jina la kikundi. Mtu akiona jina la kikundi kwenye simu yake anatuma. Akiona jina la mtu binafsi anasita, na usimlaumu.

11. Daftari la mlangoni

Shilingi thelathini dukani, biro moja, na mtu mchangamfu wa kukaa mlangoni. Gawa ukurasa kwa safu: WhatsApp, Facebook, redio, kanisa, matatu, bango, jirani. Kila anayeingia aulizwe swali moja, "Umesikia wapi habari zetu?", na mstari uchorwe. Usiulize mengine, foleni ina watu na ngoma imeshaanza ndani.

Usiku huo huo hesabu mistari kabla hujasahau daftari liko wapi. Hapo utagundua mambo ya kuchekesha. Bango lililokugharimu uchapishaji na gundi limeleta watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyelibandika. Salamu za yule shabiki wa redio zimejaza safu nzima. Onyesho lijalo, kata chanzo cha chini kabisa na uongeze nguvu kwenye viwili vya juu, hata kama hicho cha chini ndicho mwenyekiti anachokipenda kwa sababu kina picha yake ya suti. Na kama safu ya "jirani" ndiyo ndefu kuliko zote, zile hela ulizotaka kulipia tangazo la Facebook wanunulie majirani chai baada ya ngoma, uwatajie tarehe ijayo na steji ya kushukia kabla vikombe havijaisha.